Tazameni tena picha ya yule mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie picha mliyoichapa wiki iliyopita, ya mama aliyefiwa na mwanawe kwa kuzama majini. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema alisimama kando ya jeneza bila kudondosha hata chozi, na ndani ya habari mwandishi wenu ameongeza kwamba utulivu wake uliwashangaza majirani. Basi, hayo tu. Hamkumtuhumu kwa lolote. Lakini gazeti lenu hukaa kwenye benchi la wateja wangu, na kwa siku tatu mfululizo nimewasikia watu wakiisoma habari ile kwa sauti, kisha wakimalizia wenyewe yale ambayo hamkuyaandika. Mmoja alisema huyo si mzazi. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema angekuwa polisi angeanza na mama mwenyewe.

Nililichukua gazeti nikalifungia kwenye droo ninayowekea mashine. Usiku huu nimelitoa ili niandike barua hii, na picha iko mbele yangu.

Mimi ni kinyozi, na huu ni mwaka wangu wa 26 katika kazi hii. Kutwa nzima nasimama nyuma ya mtu nikimtazama usoni kwenye kioo, nusu saa hivi kwa kila mmoja, huku mikono yangu iko kichwani na shingoni mwake. Mtu akitazamwa na daktari anajua anatazamwa, naye hujipanga. Kwenye kiti cha kinyozi watu husahau. Hujiangalia kidogo, halafu macho yanahama kioo, yanakwenda mahali pasipo na kitu, na uso unabaki bila mwenyewe wa kuuchunga. Nyuso za namna hiyo nimeziona nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo maana nilipoiona picha yenu niliitazama kama ninavyomtazama mteja, na nilichokiona hakifanani na mlichokiandika.

Tazameni nyusi zake. Ncha za ndani, zile zinazokaribiana juu ya pua, zimeinuka na kuvutwa pamoja, na kuanzia hapo nyusi zinateremka kuelekea pembeni. Makunyanzi ya paji la uso yako katikati tu, hayakufika kwenye vipaji vya pembeni. Kisha tazameni blauzi: kifungo cha pili kimeingizwa kwenye tundu la tatu, kwa hiyo upande mmoja wa kola umepanda juu ya mwingine. Halafu mkono wa kulia. Ameshika kiatu kimoja cha mtoto, na kidole gumba amekiingiza ndani kwenye kisigino, vile mzazi anavyofanya akitaka kujua kama kiatu kinambana mtoto. Mpiga picha wenu aliyaona yote hayo, maana yamo. Aliyeandika maelezo alikwenda moja kwa moja kwenye mashavu, akayakuta makavu, akaishia hapo.

Habari ya nyusi si ndoto yangu. Mteja wangu mmoja anayefundisha saikolojia ndiye aliyenifungua macho. Miaka michache iliyopita aliniona nina shida, akawa ananiletea vitabu, na nitaieleza shida yenyewe huko mbele. Kupitia kwake nilijua kwamba Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, alichapisha mwaka 1872 kitabu kizima juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao. Humo ameandika juu ya misuli hiyohiyo ya paji na nyusi, na kwa ufupi akaiita misuli ya huzuni. Alisisitiza jambo ambalo nami nimelijaribu mbele ya kioo changu nikashindwa: watu wengi hawawezi kuichezesha kwa kutaka. Mtu aweza kujilazimisha kutabasamu, aweza kukunja uso, lakini kuinua ncha za ndani za nyusi peke yake, bila huzuni, ni wachache wanaoweza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1978, Wamarekani Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa utaratibu wa kuorodhesha kila mjongeo wa uso na kuupa namba. Kuinuka kwa ncha ya ndani ya nyusi wakakupa namba 1.

Katika kitabu hicho cha Darwin kuna mahali nilipoparudia mara nyingi. Anaeleza kwamba alikuwa ndani ya behewa la treni, na karibu mkabala naye ameketi bibi mmoja, uso umetulia, mawazo yako mbali. Darwin akaona pembe za mdomo wa yule bibi zimevutwa chini kidogo sana. Kwa kuwa sehemu nyingine zote za uso zilikuwa tulivu, akajiambia labda huo ni mjongeo wa bure tu, usio na maana. Hajamaliza kuwaza hivyo, macho ya bibi yakajaa machozi ghafla, yakataka kumwagika, na uso wote ukaanguka. Darwin akakisia kwamba huenda amemkumbuka mtoto aliyempoteza zamani. Ningependa mwandishi wenu apasome hapo. Mdomo ulitangulia, machozi yakafuata, na mtu makini kama yule nusura akipuuze kile kilichotangulia.

Darwin mwenyewe alifiwa na binti yake Annie mwaka 1851, mtoto akiwa na miaka 10. Hakuwepo mazishini. Alikuwa amesharudi nyumbani kwa mkewe, aliyekuwa mjamzito wa miezi mingi. Wiki moja baada ya msiba alikaa akaandika kurasa kadhaa za kumkumbuka, ameeleza hata alivyokuwa akitembea na kucheza. Najiuliza gazeti lingeandika nini juu ya baba asiyeonekana kaburini kwa mwanawe.

Nirudi kwenye kiti changu, maana huko ndiko ninakokujua.

Kijana mmoja wa miaka 20 na kitu aliingia asubuhi nikiwa bado nafagia. Alikaa, akasema nimpunguze pembeni. Namfahamu tangu analetwa na baba yake akikalishwa juu ya ubao ili kichwa kifike kwenye kioo, na ni msemaji sana. Siku hiyo sauti ilikuwa chini, na maneno yalitoka moja moja, na kati ya neno na neno kuna kituo. Nilipomfunga kitambaa nikaikuta shingo imekaza kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi. Katikati ya kazi nikaona kikoromeo chake kinapanda, kinashuka, kinapanda tena kabla hakijatua. Alimeza mara saba, mara nane, na mdomoni hakuwa na kitu. Nikazima mashine. Sikuuliza. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha kwa vipande, kisha akasema, "Mjomba, baba amefariki saa kumi alfajiri." Nikamwambia pole, mwanangu. Akanijibu, "Endelea tu. Nina watu wa kupokea."

Nilimaliza. Alilipa, akachukua funguo zake, akatoka na kitambaa changu kimefungwa shingoni. Alifika nacho barabarani ndipo nikamkimbilia.

Niliambiwa baadaye kwamba siku ile na zilizofuata hakuonekana kulia mbele ya mtu. Alipokea simu, alitafuta gari, alisaini karatasi. Watu wakamsifu kwamba ni mwanamume kweli. Dada yake, aliyefanya vilevile na zaidi, walimsema. Hapo pana dhuluma ambayo gazeti lenu, bila kukusudia, limeingia ndani yake: macho makavu ya mwanamume huitwa ujasiri, macho makavu ya mwanamke huitwa ukatili. Mngekuwa mmempiga picha baba wa mtoto yule aliyezama, sidhani kama kuna mtu angehesabu machozi yake.

Kuhusu kule kumeza, nimejifunza pia sababu yake, na tangu niijue namhurumia zaidi kila ninayemwona akimeza hewa. Mwili ukishikwa na huzuni kali hutaka hewa nyingi, kwa hiyo tundu la njia ya pumzi kooni hupanuka na kubaki wazi. Kumeza kunataka tundu hilohilo lifungwe. Misuli inavutana, moja inafungua, nyingine inafunga, na mwenyewe anahisi donge. Kwa lugha yetu tunasema huzuni imemkaba koo, na kumbe tumesema kweli tupu. Anayejizuia kulia mbele ya watu anafanya kazi ngumu kuliko anayelia, na kazi hiyo inaonekana ukijua pa kuangalia: kooni, kwenye taya, kwenye mabega yaliyopanda karibu na masikio.

Lugha yetu imejaa maneno ya watu waliojua kuangalia. Mtu akisawijika, tunazungumzia rangi na mng'ao wa uso. Akinywea, amepungua umbo ingawa kilo ni zilezile. Akishika tama, kiganja kimebeba shavu kwa sababu kichwa kimekuwa kizito. Akijikunyata, akiinama, akipiga kite, akishusha pumzi, akizubaa, machozi yakimlengalenga yasidondoke: katika maneno hayo yote chozi lililodondoka halimo hata kwenye moja. Waliotuachia maneno haya hawakungoja mashavu yalowe ndipo wajue kwamba mtu ana majonzi. Na wakatuachia usemi kwamba machozi ya samaki huenda na maji.

Sasa nieleze shida yangu niliyoigusia.

Mke wangu alifariki tukiwa na miaka 19 ya ndoa. Aliugua muda mfupi. Sikulia hospitalini, sikulia kaburini, na siku ya nne nilifungua kazi. Nilifungua kwa sababu nyumbani kila kitu kilikuwa mahali alipokiweka yeye, na sikuweza kukaa humo mchana. Mikono yangu haikutetemeka, sikumkata mtu hata mmoja. Nilinyoa watoto wanne mfululizo siku ile na mashine ilikwenda kama kawaida. Jioni yake ndugu mmoja wa marehemu alisema mbele ya watu, nami nikiwepo, kwamba dada yao alikuwa ameolewa na jiwe. Hakuna aliyemkatisha. Nadhani wengi walikuwa wamelifikiria hilo hilo, yeye akawa wa kulitamka. Binti yangu alikuwepo pia. Alikuwa na miaka 14.

Kinyozi hawezi kujinyoa kisogo. Mbele na pembeni utajitahidi, lakini kisogoni, pale nywele zinapokutana na shingo, lazima akusaidie mwingine. Kwa miaka 19 aliyeninyoa kisogo alikuwa mke wangu. Ilikuwa kila Jumapili jioni, mimi nimekaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu kwenye kiti, magoti yake yakigusa mbavu zangu. Hakuwa fundi. Mstari wake haukunyooka hata siku moja, ulikuwa unapanda kuelekea sikio la kushoto, nami nilikwenda nao kazini hivyohivyo kila Jumatatu. Akimaliza hakutumia brashi. Alinipulizia shingoni kwa mdomo, pumzi mbili fupi, nywele ziondoke.

Alipoondoka sikuruhusu mtu aniguse kisogoni. Fundi ninayefanya naye kazi alijitolea mara tatu, nikamwambia nitakuja nitengeneze mwenyewe, jambo ambalo yeye anajua haliwezekani. Nywele zikashuka, zikavuka kola. Wateja wakawa wananitania kwamba mganga hajigangi, nami nacheka nao. Watu walionizoea walikaa kwenye benchi lile, hatua mbili kutoka kwangu, wakizungumza kwamba nimesahau haraka, huku wameelekea mgongo wangu. Huzuni yangu yote ilikuwa pale kisogoni inaning'inia, mtu yeyote mwenye macho angeiona, na hakuna aliyeiona. Siwalaumu sana. Walikuwa wanatafuta machozi.

Ilikwenda miezi minane. Jumapili moja binti yangu akatoka chumbani na mashine niliyokuwa nimeiacha nyumbani, akavuta kigoda, akasema, "Baba, kaa." Sikubishana. Alininyoa taratibu, hajawahi kushika mashine kabla ya hapo, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Alipomaliza aliinama akanipulizia shingoni. Pumzi mbili fupi.

Nililia mpaka nikashuka kwenye kigoda. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yeye alikaa chini pembeni yangu akanishika mkono wa shati, hakusema kitu. Miezi yote ile sikujua kwamba mtoto yule, tangu mdogo, alikuwa akitutazama mimi na mama yake kila Jumapili kwa makini kiasi hicho.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mtu hakudondosha chozi siku ya mazishi, swali linalonijia ni siku gani atalia, na nani atakuwa naye.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kumuuliza yule mwalimu wa saikolojia maswali mengi: kwa nini binadamu wote tunayaamini machozi kuliko kitu kingine chochote usoni? Alinieleza kazi ya Robert Provine, wa chuo kikuu kimoja cha Maryland, Marekani. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichukua picha za watu wanaolia kweli, wakayafuta machozi kwa kompyuta na kuacha kila kitu kingine usoni vilevile, kisha wakawaonyesha watu picha zote. Nyuso zilizofutwa machozi zilionekana kuwa na huzuni ndogo kuliko zilipokuwa na machozi, na baadhi hazikueleweka kabisa, zikaonekana kama za mtu anayeshangaa au anayetafakari. Mhariri, uso ni uleule! Aliyebadilika ni mtazamaji. Majirani walioshangazwa na utulivu wa mama yule walifanya kile ambacho macho ya watu wote hufanya, nami sijitoi. Ila mwandishi wa habari hufundishwa kutazama, na kwake natarajia zaidi.

Na tusisahau kwamba chozi lenyewe hutegemea tezi ndogo juu ya jicho, nazo tezi zina mambo yake. Mtoto mchanga katika wiki zake za mwanzo hulia makavu. Sauti yote ipo, uso wote umejikunja, machozi bado hayajaanza kutiririka, na hakuna mama anayesema mtoto huyo anajifanya. Nina mteja, mama wa makamo anayenyoa nywele fupi, ambaye ana ugonjwa wa Sjögren, ulioitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Anatembea na kichupa cha dawa ya matone, na mara mbili tatu akiwa kwenye kiti ananiomba nisimamishe mashine ajitilie. Alimzika kaka yake macho yakimwasha kama yametiwa mchanga, na watu wakapita wakimwangalia. Yupo pia mzee mmoja aliyepata kiharusi, ambaye hububujikwa na machozi ukimwambia tu habari za asubuhi. Mkewe amenieleza kwamba wakati mwingine hana huzuni yoyote, ubongo umepoteza kizuizi. Huyo kila mtu humhurumia. Yule mama wa matone hahurumiwi.

Nami niseme kwamba nimewahi kumsoma mtu vibaya. Nilimpa mtu pole kwa sababu ya uso wake, akaniambia ni jino linamuuma. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wanasayansi wenzake wanne walipitia tafiti zaidi ya 1,000 wakahitimisha kwamba huwezi kuchukua uso peke yake ukajua kwa uhakika mtu anahisi nini. Mtu mmoja akihuzunika huinama, mwingine hufanya kazi kupita kiasi, mwingine hucheka. Kwa hiyo sidai kwamba nyusi za yule mama zinanipa haki ya kutangaza yaliyomo moyoni mwake. Nadai kwamba mashavu yake hayakuwapa ninyi haki hiyo.

Mtasema ni sentensi moja tu chini ya picha. Someni yaliyompata Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, familia yake ikiwa imepiga kambi karibu na mwamba wa Uluru, mwanawe Azaria, wa wiki 9, alitoweka hemani. Mama akasema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa huko. Televisheni zikamwonyesha akieleza kwa sauti ya kutulia, na nchi nzima ikauhukumu uso wake: halii, basi ameua. Oktoba 1982 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji, akafungwa maisha. Alikuwa mjamzito, na mwezi uliofuata akajifungua akiwa mfungwa. Ushahidi wa maabara uliomfunga ulikuja kuonekana na kasoro kubwa, lakini umma haukuungoja ushahidi huo, ulikuwa umeshamaliza. Februari 1986 koti dogo la mtoto likapatikana karibu na mashimo ya dingo, akaachiliwa. Mwaka 1988 hatia ikafutwa. Na ni Juni 2012, miaka karibu 32 tangu usiku ule, ndipo afisa wa mahakama anayechunguza vifo alipotamka rasmi kwamba mtoto aliuawa na dingo. Mama huyo alizeeka akingoja tamko hilo.

Mama wa kwenye picha yenu hana kesi, na Mungu apishe mbali. Lakini ana majirani. Ana mawifi, ana watoto wengine wanaokwenda shule na kusikia. Mtu aliyesema kwenye benchi langu kwamba angeanza na mama mwenyewe hakuyatoa hayo hewani, aliyatoa kwenye maelezo ya picha. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, akasema, "Lakini gazeti limeandika." Ndiyo sababu namwandikia gazeti.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, mchape masahihisho. Si marefu, mseme tu kwamba maelezo yale yalihusu machozi na hayakuwa na jambo la kusema juu ya uchungu wa mama yule. Pili, waandishi wenu wakienda msibani, waandike walichokiona badala ya kile walichokikosa. Kusema chozi halikuwepo ni kusema walitarajia liwepo, na matarajio yao si habari. Kiatu kilikuwepo. Kifungo kilikuwepo. Msomaji angepewa hivyo viwili angemwelewa mama huyo bila kuhitaji kuambiwa chochote kuhusu macho yake.

Na kama mwandishi wenu atarudi kwake, namsihi asiende na kamera. Aende kwa pole, akae, anyamaze. Kama kile kiatu bado kiko mkononi asikiulizie.

Nakala ya gazeti lile sitairudisha benchini. Binti yangu ameikata picha, ameyaondoa maelezo kwa mkasi, ameiweka kwenye droo pamoja na mashine ya Jumapili.

Wako,
Kinyozi, msomaji wenu wa miaka mingi